Breki Kufeli kwenye Gari la Porini Lililofanyiwa Mabadiliko: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kasoro

Gari la porini linapotoka kiwandani, breki zake zimekwisha kupimwa kwa uzito, kimo na matairi ambayo mtengenezaji aliyajua. Siku springi ndefu zinapofungwa, matairi makubwa yanapoingia, bampa ya chuma na winchi vinapoongezwa mbele na tangi la pili la mafuta nyuma, mfumo ule ule wa breki unapewa kazi ambayo haukuandaliwa, hata kama hakuna aliyeugusa kwa spana. Ndiyo maana fundi anayekimbilia kutoa upepo (yaani kuondoa hewa kwenye mafuta ya breki) au kununua masta silinda mpya (pampu inayosukuma mafuta hayo pedali inapokanyagwa) huweza kupoteza siku nzima, ilhali kasoro iko kwenye mpira wa mafuta ya breki uliovutika au kwenye fimbo ya valvu ambayo hakuna aliyekumbuka kuirekebisha. Utaratibu ninaouamini ni huu: hakikisha usalama kwanza, orodhesha mabadiliko yote, isikilize pedali, kisha fungua kile tu ambacho pedali imekuelekeza.

Breki zikifeli gari likiwa linatembea

Pedali ikizama hadi sakafuni, ipampu haraka mara tatu au nne, kwa kuwa mafuta yaliyobaki kwenye masta silinda yanaweza kujenga presha ya kukufaa. Wakati huohuo shusha gia moja baada ya nyingine, na uvute breki ya mkono kidogo kidogo huku ukiwa tayari kuilegeza endapo magurudumu yataanza kuteleza.

Hali ni tofauti kabisa injini inapozima katikati ya mlima. Hapo usipampu. Busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwa vakyumu (mvuto wa hewa), huwa imehifadhi vakyumu ya kutosha mikanyago miwili au mitatu tu, na ukiimaliza utabaki na pedali ngumu na gari zito linalorudi nyuma. Kanyaga mara moja, shikilia kwa nguvu zako zote, ingiza rivasi ya gia nzito (seti ya gia za mwendo wa polepole), na uiache injini ilizuie gari wakati wa kushuka.

Gari lisilo na breki lisivutwe kwa kamba, kwa sababu litaligonga gari lililo mbele mara ya kwanza litakapopunguza mwendo. Livutwe kwa chuma kigumu cha kuvutia, au libebwe.

Kabla ya kuingia chini

Egesha mahali tambarare na pagumu, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki ardhini, kisha ulilaze gari juu ya stendi. Magari yaliyonyanyuliwa yana kitovu cha uzito kilicho juu, na stendi fupi zilizopandishwa juu ya vipande vya mbao ni hatari ambayo nimeiona mara nyingi mno. Jeki ndefu ya porini ni ya kunyanyulia tu. Usiitegemee hata dakika moja ukiwa chini ya gari. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa, bali lisafishe kwa kimiminika cha kusafishia breki, na mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari yaoshe mara moja kwa maji mengi kwa sababu huimenya.

Orodha ya kilichobadilishwa

Chukua karatasi na uandike kila kitu kilichobadilishwa tangu siku ya mwisho breki zilipofanya kazi vizuri: springi zimenyanyua gari kwa sentimita ngapi, matairi yalikuwa ya kipimo gani na sasa ni ya kipimo gani, uzito umeongezeka wapi, kama injini, ekseli, altaneta au kalipa (vibano vinavyobana pedi kwenye diski) zimebadilishwa, na kama rimu mpya zimefungwa na spesa (vipande vinavyozisogeza nje). Maswali haya muulize mwenye gari hata kama anasisitiza kwamba breki hazijaguswa, kwa maana kasoro nyingi za breki kwenye magari haya zilianzia kwenye kazi isiyohusu breki.

Matairi peke yake yanatosha kumfanya dereva aamini kwamba breki zimekufa. Ukitoka kwenye tairi lenye kipenyo cha inchi 29 ukaweka la inchi 35, nguvu ile ile ya breki kwenye ekseli hufika ardhini ikiwa imebaki takribani asilimia 83, kwa sababu tairi kubwa ni mkono mrefu zaidi unaoipinga diski. Ili kusimama kama zamani, lazima ukanyage kwa nguvu iliyozidi ya awali kwa asilimia 20 hivi, na hapo hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe wala wa vifaa vilivyoongezwa. Gari la namna hii likikaguliwa na kila kitu kikaonekana kizima, ukweli ni kwamba halina ugonjwa wa kutibiwa kwa spana. Linahitaji breki kubwa zaidi, na mwenye gari anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Pedali inasema nini

Zima injini na ukanyage pedali mara tano au sita mpaka vakyumu yote iishe. Sasa kanyaga kwa nguvu ya wastani, shikilia kwa nusu dakika, na uhisi kwa makini chini ya mguu wako.

Pedali inayoshuka polepole huku umeishikilia inamaanisha mafuta yanapita mahali yasipotakiwa kupita. Angalia kiasi cha mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Kikiwa kinapungua, tafuta unyevu kwenye kila maungio, upande wa ndani wa matairi, nyuma ya drami (ngoma za breki), na mahali masta silinda inapokutana na busta. Raba ya nyuma ya masta silinda ikichoka, mafuta huingia ndani ya busta na hutaona hata tone moja chini ya gari. Mafuta yasipopungua kabisa, raba za ndani ya masta silinda zinayarudisha nyuma, na dawa yake ni kuifungua au kuibadilisha.

Pedali laini kama sponji ina hewa ndani yake, au ina mipira iliyochoka inayovimba inapopata presha. Iliyo ngumu kama jiwe huku gari halitaki kusimama hukuelekeza kwenye busta, kwenye pedi zilizoungua na kung'aa kama kioo, au kwenye masta silinda iliyo nene kupita kiasi. Ikiwa inapanda juu sana na magurudumu yanashika yenyewe baada ya mwendo mfupi, kuna presha iliyonaswa ndani ya mfumo.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu, nayo ni pedali inayozama mkanyago wa kwanza na kupanda vizuri mkanyago wa pili, hasa baada ya njia yenye mawe au kona kali. Gari moja la namna hii lilitolewa upepo mara tatu kwa siku mbili, na kila mara pedali ilikuwa nzuri uwanjani na mbaya porini. Gurudumu la mbele liliponyanyuliwa, likashikwa juu na chini na kutikiswa, lilicheza: beringi zilikuwa zimelegea. Gurudumu linapoyumba, diski hulala upande na kuzirudisha pistoni ndani ya kalipa, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unatumika kuzirejesha tu na wa pili ndio unaosimamisha gari. Matairi mapana na spesa huzichosha beringi mapema, basi jaribio hili lifanyike kabla hujagusa chupa ya mafuta. Kama gari lina drami nyuma, viatu vya breki (vipande vinavyosukumwa kuibana drami kutoka ndani) vilivyo mbali na drami huleta dalili inayofanana na hiyo, na hurekebishwa kwa kuvisogeza.

Kuutenga mfumo vipande vipande

Ukiwa bado hujui kasoro iko upande gani, fungua mabomba kwenye masta silinda na uzibe matundu yake kwa plagi za chuma zenye nyuzi zinazolingana. Kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta silinda ni nzima na kasoro iko mbele yake. Ikiendelea kuzama au kuwa laini, umeipata papo hapo. Baada ya hapo rudisha bomba moja, toa upepo kwenye upande huo, na ujaribu tena. Hatua ambayo ulaini unarudi ndiyo inayokuonyesha sehemu yenye kasoro. Kibano cha mipira kinaweza kufanya kazi hiyohiyo bila kufungua kitu, lakini kiwe kibano kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kitumike kwenye mipira ya kawaida tu. Ile iliyofumwa kwa nyaya za chuma huharibika ikibanwa.

Mipira na mabomba baada ya gari kunyanyuliwa

Weka stendi chini ya chasisi ili ekseli ining'inie kabisa, kisha zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku ukitazama kila mpira. Mpira haupaswi kukaza, kujikunja kwa pembe kali, wala kugusa tairi, springi au shokapu. Halafu panda jiwe au kilima kidogo kwa gurudumu moja ili ekseli moja ilale upande, na uangalie tena, kwa kuwa mpira unaoonekana mrefu gari likiwa limesimama sawa unaweza kukaza kama uzi wa gitaa pale upande mmoja unaposhuka. Ukunje mpira kwa vidole karibu na kichwa chake cha chuma na umulike kwa tochi: nyufa ndogo kama mistari ya kalamu ndizo zinazotangulia kupasuka. Mpira ukiwa mfupi, weka mrefu uliotengenezwa kwa ajili ya breki, au shusha kishikio chake kwenye chasisi.

Mpira unaweza pia kuharibika ndani huku nje ukionekana mzima. Utando wa ndani ukiachia, mafuta hupita kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, na gurudumu moja hubaki limeshika. Gurudumu likiwa limeshika hivyo, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa yake. Lisipoachia, pistoni imeganda au pini za kalipa zimekauka. Likiachia, ilikuwa presha iliyonaswa. Lisababishe lishike tena, na safari hii legeza maungio ya bomba kabla ya mpira. Lisipoachia hapo, mpira ndio mkosaji.

Bomba lililopasuka porini lisiunganishwe kwa viungio vya kubana vya mabomba ya maji. Mwisho wa bomba la breki hupanuliwa kwa kifaa maalumu, na kwa magari mengi mdomo huo hukunjwa mara mbili. Shaba tupu nayo haifai, kwani hukakamaa kwa mtikisiko na kukatika.

Valvu inayopima mzigo

Hiki ndicho kitu ninachokikuta kimesahauliwa zaidi ya vyote. Magari mengi ya kubeba mizigo yana valvu kwenye chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo unapoishusha bodi, fimbo husukumwa na valvu huruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, bodi hupanda na valvu hupunguza presha ili magurudumu ya nyuma yasiteleze. Ukilinyanyua gari kwa springi, valvu inaamini kwamba gari ni tupu kuliko tupu. Breki za nyuma zinakaribia kukoma, za mbele zinabeba kazi yote na kupata moto, na gari linazamisha pua kila unapokanyaga.

Pima umbali ambao ekseli imeongezeka kutoka kwenye chasisi, kisha nyanyua kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi hicho hicho, ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya awali. Usiiondoe valvu kwa kuunganisha bomba moja kwa moja, kwa maana gari tupu litakalopewa presha yote nyuma linaweza kugeuka ubavu kwenye barabara yenye maji.

Busta na vakyumu

Ukiwa umemaliza vakyumu kama nilivyoeleza, endelea kukanyaga pedali na uwashe injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, vua bomba la vakyumu kwenye busta na uhisi kama kuna mvuto. Injini ya petroli iliyo nzima ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta huvuta takribani inchi 18 hadi 22 za zebaki kwenye geji. Injini ya dizeli hutegemea pampu, na katika magari mengi pampu hiyo hukaa nyuma ya altaneta. Mtu akifunga altaneta nyingine isiyo na pampu, au akibadilisha injini bila kuiwaza pampu, pedali inageuka jiwe siku hiyohiyo. Mvuto ukiwepo na pedali isishuke, kagua valvu ya njia moja kwenye bomba hilo, halafu busta yenyewe.

Busta au masta silinda ikiwa imebadilishwa, kagua fimbo inayosukuma pistoni. Ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia mafuta halifunguki, na breki zote hujifunga kadiri zinavyopata moto. Magurudumu yakiwa yameshika, legeza nati za masta silinda mizunguko miwili au mitatu na uivute mbele kwa milimita chache. Magurudumu yakiachia pale pale, fimbo ni ndefu.

Drami zilipobadilishwa kuwa diski

Kalipa kubwa hunywa mafuta mengi. Ikibaki masta silinda ya zamani, pedali huenda chini sana. Lakini usikimbilie iliyo nene kuliko zote: kutoka milimita 22 hadi milimita 25 ya kipenyo, eneo la pistoni huongezeka kwa asilimia 29, na mguu wako utalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kwa kiwango hicho hicho ili kupata presha ile ile. Masta silinda za drami huweza pia kuwa na valvu ndogo inayobakiza presha ya takribani psi 10 (pauni 10 kwa inchi ya mraba) ili raba zisivute hewa, na presha hiyo ikifika kwenye diski, pedi hazitaachia kamwe. Hakikisha imeondolewa upande wenye diski.

Hakikisha pia kwamba kalipa ya kulia haikufungwa kushoto. Skrubu ya kutolea upepo lazima iwe juu kabisa. Ikiwa chini, hewa itabaki ndani hata ukipampu mpaka usiku.

Mafuta, oili na tope

Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza unyevu wa hewani. DOT 3 mapya huchemka kwa angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Kwenye mteremko mrefu na mzigo mzito yanachemka, mvuke unajaa kwenye kalipa, na pedali iliyokuwa nzuri kileleni inazama katikati ya mteremko, kisha inarudi breki zikipoa. Ukisikia habari ya namna hiyo, badilisha mafuta yote, na uyabadilishe tena kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine. Oili ya injini au ya usukani usiiweke hata kwa dharura, kwa kuwa huvimbisha raba zote za mfumo.

Viatu vya nyuma vikikutwa na oili, usiishie kuvibadilisha. Angalia tundu la kupumulia la ekseli: likizibwa na tope, joto hujenga presha ndani ya difu (gia za ndani ya ekseli) na kuisukuma oili nje kupitia sili hadi kwenye drami. Baada ya kuvuka maji, kanyaga breki taratibu kwa mita kadhaa ukiwa unatembea ili zikauke. Nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kufunga breki) nazo huvutika gari likinyanyuliwa, hivyo taa yake ikiwaka anza kwa kuzifuata kwa macho na kuondoa tope kwenye sensa.

Kutoa upepo

Sasa ndipo wakati wake, kasoro ikiwa imekwisha kurekebishwa. Magurudumu ya nyuma yawe ardhini au ekseli iwe juu ya stendi, kwa sababu ekseli inayoning'inia huifunga ile valvu ya mzigo na mafuta hayapiti vizuri. Fuata mpangilio wa kitabu cha gari. Kisipokuwepo, kwa kawaida huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

1. Jaza kikopo, na usikiache kikauke hata mara moja.
2. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu, na mwisho wake uzame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.
3. Mwenzako akanyage na kushikilia. Wewe legeza skrubu robo mzunguko, kisha uifunge kabla hajaachia mguu. Rudia mpaka mafuta safi yatoke bila povu.
4. Kwenye masta silinda ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni, kwani raba zikipita kwenye kutu ya mwisho wa silinda zitakatika.

Kama hewa imeingia ndani ya pampu ya ABS, baadhi ya magari hayataitoa bila mashine ya kupimia.

Kujaribu

Washa injini, kanyaga kwa nguvu kwa nusu dakika, na mwenzako akague maungio yote kwa karatasi nyeupe ya kufutia. Kisha endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea na usimame mara kadhaa kabla ya kuongeza kasi mahali pasipo na watu. Pedi mpya zizoeshwe kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, huku ukiziacha zipoe katikati. Baada ya hapo sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa: magurudumu ya ekseli moja yanapaswa kuwa na joto linalolingana. Lililo baridi halifanyi kazi, na lenye moto kupita mwenzake halijaachia. Tembea nalo njia mbovu kwa kilomita chache, urudi, uingie tena chini, na uiguse kwa mkono mipira yote na nati zote ulizozifungua.